Mkutano mkuu wa kijiji

Mkutano mkuu wa kijiji ni chombo cha juu cha maamuzi katika kijiji cha Tanzania Bara. Wajumbe wake ni watu wote wenye umri wa miaka 18 au zaidi ambao ni wakazi wa kawaida wa kijiji hicho. Mkutano huu huchagua mwenyekiti na wajumbe wa halmashauri ya kijiji, hupokea taarifa ya mapato na matumizi ya fedha, huidhinisha ugawaji wa ardhi, na una uwezo wa kuwaondoa madarakani viongozi uliowachagua.

Kwa sababu ya uwezo huo, sehemu kubwa ya harakati za wananchi wa Tanzania za kudai utawala bora na uongozi wenye maadili zimeelekezwa kwenye mkutano huu. Sheria inayowapa wanakijiji madaraka ipo tangu zamani. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha kwamba mkutano unaitishwa, unahudhuriwa, na kwamba kilichoandikwa katika muhtasari ndicho kilichosemwa. Katika bonde la Kilombero mkoani Morogoro, ambako kata kama Mofu zimekaa kati ya mashamba ya mpunga na ardhi oevu inayohifadhiwa, tofauti kati ya mkutano uliofanyika na mkutano wa kwenye karatasi inaweza kuwa tofauti ya kuwa na shamba au kutokuwa nalo.

Chimbuko

Wakati wa ukoloni Waingereza walitawala vijijini kwa kupitia machifu na wasaidizi wao. Nafasi za machifu katika utawala zilifutwa na serikali ya Tanganyika mwaka 1963, miaka miwili baada ya uhuru. Pengo lililobaki vijijini lilijazwa polepole na kamati za maendeleo pamoja na matawi ya chama cha TANU.

Mfano wa mapema wa wananchi kujiongoza wenyewe kwa mikutano ulitokea mkoani Ruvuma, kusini mwa bonde la Kilombero. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kikundi cha vijana kilianzisha kijiji cha Litowa, wilayani Songea, na baadaye vijiji vilivyofuata njia hiyo viliungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kilichojulikana zaidi kwa kifupi cha RDA. Mmoja wa viongozi wake wakuu alikuwa Ntimbanjayo Millinga. Katika vijiji hivyo kazi za shamba, mgawanyo wa mapato na hata mambo ya shule yalijadiliwa na wanakijiji wenyewe mkutanoni. Mwalimu Julius Nyerere alivutiwa nacho, na uzoefu wake ulichangia fikra zake kuhusu ujamaa vijijini. Hata hivyo mwezi Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho na mali zake zikachukuliwa. Viongozi wa mkoa hawakupenda kuona vijiji vinavyopanga mambo yake bila kuwasubiri wao. Suala hilo, la nani hasa mwenye kijiji, limeendelea kujirudia kwa sura mbalimbali mpaka leo.

Upande wa maadili, Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka masharti ya uongozi: kiongozi hakuruhusiwa kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni binafsi, kupokea mishahara miwili au zaidi, wala kuwa na nyumba za kupangisha. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliongeza jambo ambalo wanakijiji wengi waliliona kuwa lao zaidi, kwa kuwa mwenye hisa katika kampuni hakuonekana kijijini, lakini kiongozi mwenye kiburi alikuwepo kila siku. Mwongozo ulikataza viongozi kuwa na majivuno, ufujaji, dharau na uonevu.

Kisha ikaja Operesheni Vijiji, hasa miaka ya 1973 hadi 1976, ambapo mamilioni ya watu walihamishiwa katika vijiji vipya, mara nyingi kwa nguvu. Sheria Na. 21 ya mwaka 1975 ilivipa vijiji hivyo usajili na muundo: kijiji kilitakiwa kuwa na kaya zisizopungua 250, kikawa na mkutano wa watu wazima wote pamoja na halmashauri yake. Kuna kinaya katika historia hii. Chombo kinachowapa wananchi sauti ya mwisho kilipata hadhi yake ya kisheria katika miaka ileile ambayo wengi wao hawakuulizwa kama wanataka kuhama.

Chini ya sheria ile mwenyekiti na katibu wa tawi la chama ndio waliokuwa mwenyekiti na katibu wa kijiji. Baada ya mfumo wa vyama vingi kurudishwa mwaka 1992, nafasi za chama na za kijiji zilitenganishwa.

Msingi wa kisheria

Sheria inayotumika sasa ni Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982, pamoja na marekebisho yake. Nyuma yake ipo Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977. Ibara ya 8 inasema kwamba mamlaka yote ya serikali yanatoka kwa wananchi na kwamba serikali itawajibika kwao. Ibara za 145 na 146 zinahusu serikali za mitaa na kusudi lake la kupeleka madaraka kwa wananchi.

Kijiji kilichosajiliwa ni chombo chenye nafsi ya kisheria: kinaweza kumiliki mali, kuingia mikataba, kushitaki na kushitakiwa. Kina ngazi mbili zinazopaswa kutofautishwa vizuri, kwa kuwa kuzichanganya ndiko kunakozaa migogoro mingi.

Ngazi ya kwanza ni mkutano mkuu wenyewe. Sheria inautaja kuwa mamlaka ya juu kuhusu sera za jumla za kijiji, na kuwa ndio unaochagua halmashauri ya kijiji na kumwondoa mjumbe yeyote, au wajumbe wote. Mkutano wa kawaida unapaswa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu, na mkutano wa dharura unaweza kuitishwa jambo likitokea.

Ngazi ya pili ni halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25. Inaongozwa na mwenyekiti wa kijiji, na ndani yake wamo wenyeviti wa vitongoji. Wanawake hawapaswi kupungua robo ya wajumbe. Halmashauri hukutana kila mwezi na hufanya kazi kupitia kamati tatu za kudumu: ya fedha, uchumi na mipango, ya huduma za jamii, na ya ulinzi na usalama. Viongozi wa kijiji huchaguliwa kila baada ya miaka mitano, na chaguzi za karibuni zilifanyika Desemba 2014, Novemba 2019 na Novemba 2024.

Kando ya hao yupo afisa mtendaji wa kijiji. Huyu hachaguliwi na wanakijiji. Ni mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya, anayelipwa mshahara, naye ndiye katibu wa vikao na mtunza kumbukumbu. Mwenyekiti, kwa upande wake, hana mshahara bali posho, na mara nyingine hata hiyo posho hutegemea hali ya mfuko wa kijiji. Ni vema msomaji akumbuke jambo hili kabla ya kushangaa kwa nini muhuri wa kijiji hugeuka kuwa chanzo cha kipato katika baadhi ya vijiji.

Mkutano unavyoendeshwa

Tangazo la mkutano hubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji na hupelekwa na wenyeviti wa vitongoji. Mahali pengi bado hupigwa mbiu. Watu hukutana chini ya mti, katika uwanja wa shule au kwenye ghala. Mwenyekiti hufungua mkutano, agenda huthibitishwa, kisha husomwa muhtasari wa mkutano uliopita. Hufuata yatokanayo, yaani utekelezaji wa yale yaliyoamuliwa awali. Halafu taarifa ya mapato na matumizi, agenda za siku hiyo, na mwisho mengineyo.

Anayetaka kujua kama kijiji kinaongozwa vizuri asikilize yatokanayo. Kama mkutano wa Januari uliamua kwamba pampu ya kisima itengenezwe, basi mkutano wa Aprili unapaswa kuelezwa imetengenezwa au haikutengenezwa, na kwa nini. Mahali ambapo muhtasari hausomwi, kila mkutano huanza upya kana kwamba hapajawahi kusemwa lolote, na kiongozi hana deni kwa mtu.

Agenda ya mengineyo nayo ina hatari yake. Ni nafasi ya mwananchi wa kawaida kusema lililo moyoni, lakini pia ndipo jambo zito huweza kupenyezwa jioni watu wakiwa wameanza kuondoka. Uamuzi kuhusu ardhi au michango mipya unapaswa kuwa agenda inayojitegemea, iliyotangazwa mapema.

Mapato na matumizi

Mapato ya kijiji hutoka katika michango ya wananchi, ada na faini za sheria ndogo, miradi ya kijiji kama mashine au ghala, na fedha zinazoletwa kutoka halmashauri ya wilaya. Ushuru wa mazao, ambao wakulima wa mpunga wa Kilombero wanaufahamu sana kwa sababu hukutana nao katika vizuizi vya barabarani, ni pato la halmashauri ya wilaya na si la kijiji. Mwananchi anayemdai mwenyekiti wa kijiji hesabu ya ushuru huo anamdai mtu asiyehusika. Swali hilo lipelekwe kwa diwani.

Namna ya kusoma taarifa inaeleweka vizuri kwa mfano wa kubuni. Tuseme kijiji chenye kaya 400 kimeamua kila kaya ichangie shilingi 10,000 kwa ajili ya darasa. Lengo ni shilingi 4,000,000. Mkutanoni inasomwa taarifa kwamba kaya 310 zimelipa, jumla shilingi 3,100,000. Matumizi ni mifuko 100 ya saruji kwa shilingi 17,000 kila mmoja, yaani 1,700,000, usafiri 300,000, fundi 800,000. Jumla ya matumizi ni 2,800,000 na salio ni 300,000.

Hesabu hiyo imekaa sawa kwenye karatasi, na kwa kuwa imekaa sawa watu wengi hupiga makofi. Lakini haijajibu maswali yanayohusika. Je, waliolipa ni 310 kweli, au ni 370? Mifuko 100 iliingia stoo yote? Salio liko benki au mfukoni?

Swali la kwanza halihitaji mkaguzi kutoka wilayani. Orodha ya majina ya kaya 310 ikibandikwa ukutani, kaya iliyolipa na isiyoona jina lake itakuja yenyewe na stakabadhi yake mkononi. Ndiyo maana orodha ya majina ina nguvu kuliko jumla. Jumla inaweza kukaguliwa na mwenye daftari peke yake, wakati orodha hukaguliwa na kijiji kizima kwa asubuhi moja. Inafuata kwamba mchango unaopokelewa bila stakabadhi unavunja kinga hiyo tangu mwanzo, hata kama mpokeaji ni mwaminifu. Swali la pili hujibiwa kwa daftari la kupokelea vifaa lenye saini za watu zaidi ya mmoja, na la tatu kwa hati ya benki.

Utaratibu huohuo wa majina hadharani hutumika katika mpango wa kunusuru kaya maskini unaosimamiwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), ambapo majina ya kaya zinazopendekezwa hupelekwa mbele ya wanakijiji ili yathibitishwe. Hapo jirani humjua jirani, ingawa pia ni hapohapo ambapo mjane asiye na ndugu mkutanoni anaweza kusahauliwa.

Ardhi na bonde la Kilombero

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 iliongeza uzito wa mkutano mkuu. Kwa mujibu wake halmashauri ya kijiji husimamia ardhi kama mdhamini kwa niaba ya wanakijiji, na haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya awali ya mkutano mkuu. Inapaswa pia kutoa taarifa ya usimamizi wa ardhi kwa mkutano huo. Baraza la ardhi la kijiji, linalosuluhisha migogoro, lina wajumbe saba na angalau watatu kati yao ni wanawake.

Katika bonde la Kilombero vifungu hivi vina maana ya pekee. Bonde hili liko kati ya milima ya Udzungwa upande wa kaskazini magharibi na nyanda za Mahenge upande wa kusini mashariki. Mto Kilombero hukusanya mito mingi inayoteremka milimani na huchangia zaidi ya nusu ya maji ya mto Rufiji. Wakati wa masika mto hufurika na kuacha udongo wenye rutuba unaofaa kwa mpunga. Wenyeji wa tambarare ni Wandamba, wakulima na wavuvi, wakiishi pamoja na Wapogoro, Wabena, Wahehe na wengine. Katika miongo ya karibuni wamefika pia wafugaji wa Kisukuma na Kibarbaig wakiwa na makundi makubwa ya ng'ombe.

Mofu ni mojawapo ya kata za tambarare hiyo. Ipo katika wilaya ya Kilombero, chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Mlimba, na mji mkubwa wa karibu ni Ifakara. Kama ilivyo kwa majirani zake, uhai wake ni mpunga, samaki na maji ya mafuriko.

Madai juu ya ardhi hii ni mengi. Eneo kubwa la tambarare lilikuwa Pori Tengefu la Kilombero tangu wakati wa ukoloni. Mwaka 2002 ardhi oevu ya bonde, hekta zipatazo 796,000, iliingizwa katika orodha ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Miongoni mwa wanyama wake ni sheshe, swala ambaye sehemu kubwa ya idadi yake duniani imekuwa ikiishi hapa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 ilizuia kulisha mifugo katika mapori tengefu, na wakati huohuo iliagiza mipaka ya mapori hayo ipitiwe ili ardhi ya vijiji isiwe ndani yake. Mwishoni mwa mwaka 2012 ilifanyika operesheni ya kuondoa mifugo bondeni. Mwaka 2023 sehemu ya eneo hilo ilipandishwa hadhi kuwa Pori la Akiba la Kilombero. Juu ya hayo kuna mashamba makubwa ya miwa upande wa Kidatu na ya mpunga upande wa Mngeta.

Katika hali kama hiyo kijiji kinahitaji karatasi. Mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji huonyesha sehemu ya makazi, kilimo, malisho na hifadhi, na hauna nguvu mpaka upite kwenye mkutano mkuu. Mwaka wa mipaka kupimwa na bikoni kusimikwa ndio mwaka ambao kutohudhuria mkutano kuna gharama kubwa kuliko yote. Katikati ya miaka ya 2010 serikali, kwa msaada wa wafadhili, ilianza programu ya umilikishaji ardhi katika wilaya za Kilombero, Ulanga na Malinyi, ambayo ilipima mipaka ya vijiji na kutoa hatimiliki za kimila kwa wanakijiji, wakiwemo wanawake kwa majina yao wenyewe.

Malalamiko yanayosikika zaidi bondeni, kama sehemu nyingine za nchi zenye ardhi inayotamaniwa, ni ya viongozi kukaribisha mifugo au kugawa mashamba kwa malipo bila kupita kwa wananchi. Njia inayotajwa mara kwa mara ni orodha ya mahudhurio. Watu husaini kwamba walikuwepo, pengine kwa ajili ya semina au posho, kisha karatasi za saini huambatishwa kwenye muhtasari unaosema kwamba wote waliridhia. Kinga yake ni nyepesi: uamuzi wa ardhi uandikwe na kusomwa palepale kabla watu hawajatawanyika, ukiwa na idadi ya waliokubali na waliokataa, na kila karatasi ya saini iwe na kichwa kinachotaja mkutano na tarehe.

Harakati za wananchi

Baada ya mwaka 1992 yalizuka mashirika na mitandao ya kiraia iliyojishughulisha na uwajibikaji. Ulioanzia karibu zaidi na Kilombero ni Mtandao wa Vikundi vya Wakulima Tanzania (MVIWATA), ulioanzishwa mwaka 1993 na wakulima kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, na wenye makao yake Morogoro. Kauli yao ni kwamba mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe. Mafunzo yao kuhusu haki za ardhi na uongozi wa vikundi yamewafanya wakulima wengi wawe wazoefu wa mambo yanayohitajika pia katika mkutano mkuu: kusimama, kuuliza, kuandika muhtasari, kupiga kura.

HakiElimu, iliyoanzishwa mwaka 2001, ilifanya kazi katika kipindi ambacho fedha nyingi za elimu ya msingi zilianza kupelekwa moja kwa moja shuleni baada ya kufutwa kwa ada. Ilihimiza shule kubandika taarifa zake za fedha, na kupitia wanachama wa Marafiki wa Elimu ikajenga desturi ya mwananchi wa kawaida kuuliza. Mashirika mengi zaidi yaliungana katika mtandao wa Policy Forum mwaka 2003. Kwa kupitia mitandao hiyo zilienea mbinu mbili. Ya kwanza ni kufuatilia fedha za umma hatua kwa hatua, kutoka wizarani hadi kwenye zahanati au shule, kwa kutumia kamati inayochaguliwa na wanakijiji wenyewe. Ya pili ni ufuatiliaji wa uwajibikaji jamii, uliobuniwa nchini Afrika Kusini, ambao huanza mapema zaidi kwa kukagua mpango na bajeti kabla fedha hazijatumika.

Kamati ya ufuatiliaji inapata uhalali wake katika mkutano mkuu. Ikichaguliwa pale na kurudisha taarifa yake pale, viongozi hushindwa kuiita kundi la wachochezi. Ikianzishwa na shirika kwa barua na semina, hufa mara mradi unapokwisha, na fulana zake huonekana mashambani kwa miaka kadhaa.

Sheria nazo zimeongezeka. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inawataka viongozi wa ngazi za juu, pamoja na madiwani, kutamka mali zao. Tume iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba ilitoa taarifa yake kuhusu kero ya rushwa mwaka 1996. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ilifuata mwaka 2007, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa mwaka 2016. Mwenyekiti wa kijiji hatamki mali zake popote. Watu wanaomzunguka wanaijua baiskeli aliyokuwa nayo siku alipochaguliwa, na kwa kawaida wanajua pia kilichoifuata.

Kumwondoa kiongozi

Mwenyekiti aliyechaguliwa na wanakijiji huondolewa na mkutano mkuu. Ili uamuzi huo usimame, tuhuma zinatakiwa ziwe agenda iliyotangazwa, mtuhumiwa apewe nafasi ya kujieleza, na kura ihesabiwe na kuandikwa. Mikutano mingi ya aina hii hushindwa kwa kukosa hatua hizo, si kwa kukosa ushahidi. Watu hukasirika, humzomea mwenyekiti, hufunga ofisi kwa kufuli, na juma linalofuata mkuu wa wilaya huja kuifungua.

Ugumu mwingine ni kwamba anayeitisha mkutano ni uleule uongozi unaotakiwa kujibu. Mwenyekiti asipouitisha, wananchi hupeleka ombi la maandishi lenye majina na saini kwa afisa mtendaji wa kata na kwa mkurugenzi wa halmashauri, na nakala kwa mkuu wa wilaya. Barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, nakala ikabaki mikononi mwa wanakijiji, ina faida kubwa kuliko safari tatu za kulalamika kwa mdomo.

Afisa mtendaji hawezi kufukuzwa na mkutano mkuu, kwa kuwa mwajiri wake ni halmashauri ya wilaya. Mkutano unaweza kumkataa na kupeleka muhtasari kwa mkurugenzi. Mara nyingi matokeo ni uhamisho, na kijiji kinachompokea hakielezwi sababu. Palipo na dalili ya rushwa au wizi, suala hupelekwa TAKUKURU au polisi.

Vikwazo

Mahudhurio ndiyo tatizo kubwa kuliko yote. Bondeni Kilombero familia nyingi zina nyumba kijijini na kibanda shambani, na wakati wa kilimo na wa kuamia ndege huhamia huko kwa wiki au miezi. Njia hujaa maji wakati wa masika. Mkutano unaoitishwa Machi, hata kwa nia njema, utakuwa wa walimu, wenye maduka na wazee waliobaki nyumbani. Vijiji vinavyojali jambo hili hupanga mikutano mizito baada ya mavuno, mpunga ukiwa ghalani, na kupeleka taarifa mpaka kwenye vibanda.

Wanawake huhudhuria kwa wingi lakini husema kidogo zaidi, hasa pale mkutano unapochelewa hadi saa za kupika. Wafugaji wanaoishi pembezoni huulizwa mara chache, ingawa wakiwa wakazi wa kawaida ni wajumbe kamili kama wengine. Vijana husema mkutano ni wa wazee. Kuna pia itikadi za vyama: swali kuhusu mifuko ya saruji huchukuliwa kuwa la chama fulani, na muulizaji huitwa mpinzani hata kama hana kadi yoyote.

Mijini na Zanzibar

Mjini, kama katika Halmashauri ya Mji wa Ifakara, ngazi ya chini ni mtaa, na unao mkutano mkuu wa mtaa chini ya Sheria Na. 8 ya mwaka 1982. Lakini mtaa hauna nafsi ya kisheria kama kijiji, hausimamii ardhi, na mamlaka yake ni madogo zaidi. Kwa hiyo kijiji kinapomezwa na mji, wakazi wake hupoteza sehemu ya madaraka waliyokuwa nayo juu ya ardhi yao, jambo ambalo kwa kawaida hugundulika baada ya viwanja kuanza kupimwa.

Zanzibar ina sheria zake za serikali za mitaa. Ngazi ya chini huko ni shehia, inayoongozwa na sheha ambaye huteuliwa na mkuu wa mkoa.